Mahindi ya Njiwa

Halima alizikwa kabla sijafika. Nilikuwa sokoni Kikima nikichagua nyanya simu iliponiita, na Zuhura, binti yake, akaniambia bila kuzunguka kwamba mama ameenda alfajiri na watamzika saa kumi. Niliziacha nyanya pale pale juu ya gunia la muuzaji, nikashuka milima ya Mbooni na viatu vyangu vya soko na leso ya jikoni kiunoni. Lakini kutoka kwetu mpaka Kitui mjini si mwendo wa kukurupuka na kufika, na Waislamu hawamlazi maiti akingoja rafiki. Nilipoingia uani jua lilikuwa limeshalegea. Wanaume walikuwa wametoka makaburini na kuketi chini ya turubai, na kilichonibakia mimi kilikuwa kuvua viatu mlangoni na kukaa mkekani pamoja na wanawake. Sikulia. Nilikasirika. Niliikasirikia barabara, nikajikasirikia kwa kuchagua nyanya siku ile kana kwamba dunia imetulia, na mwisho nikamkasirikia Halima mwenyewe, ambaye maisha yake yote alikuwa mtu wa kuchelewa kila mahali, na safari hii peke yake ndiyo ameona aniwahi.

Sebule yake ilikuwa ile ile ninayoijua, na makochi yake yaliyofunikwa vitambaa vya kufuma, ila makochi yalikuwa yamesukumwa ukutani ili mikeka ienee. Wanawake waliongea kwa sauti ya chini. Mmoja alisema jana tu wamesalimiana hapo kwa geti, mwingine akasema jana tu amemwazima sindano, na kila mmoja alikuwa na jana yake. Nyuma ya nyumba majirani walikuwa wakipika pilau ya watu wa msiba, na kupitia pazia la mlango wa uani nikawasikia wakigombana na Zuhura. "Toa hiyo sufuria kwa moto," mama mmoja alisema. "Hiyo si chakula ya matanga." Zuhura akajibu, "Wacha ikae, Mama Swaleh." "Watu watasema nini? Watasema tumewapikia chakula ya kuku?" "Hata wakisema." Kisha Zuhura akaingia, macho mekundu, mtandio umeteleza begani, akaniona nikijikusanya kama mtu anayetaka kuaga. "Anti, keti," akaniambia. "Usiende bado. Kuna kitu yako inaiva." Nikaketi. Harufu ya tui la nazi lililoanza kuchemka ilipita chini ya pazia ikanifikia, na nyuma yake harufu nyingine nzito zaidi ya mahindi yaliyokaa motoni tangu asubuhi. Nikaegemea ukuta. Sijui kama nilisinzia. Najua tu kwamba zile sauti za wanawake zilianza kwenda mbali, na mimi nikaenda upande wangu.

Nyumba ile ilikuwa ya matofali mekundu, imebanwa katikati ya nyumba nyingine zinazofanana nayo mtaa mzima, katika mji mmoja wa kaskazini mwa Uingereza ambako mvua hainyeshi ikaisha kama ya kwetu, bali inakaa tu hewani siku nzima ikiwaza. Nilikuwa na miaka ishirini na miwili. Juu kulikuwa na vyumba viwili, changu na cha Halima, na katikati yake kijinafasi juu ya ngazi ambapo Halima alitandika mkeka wake wa kuswalia, kwa hivyo nilijifunza kupanda ngazi kwa vidole. Chini kulikuwa na jiko lenye dirisha linalotazama ukuta. Nimeishi katika nyumba nyingi tangu wakati huo, nyingine zenye madirisha yanayotazama milima, lakini nikifumba macho na kusema neno jikoni, linalokuja ni lile: hita ya ukutani iliyogugumia, meza ya mguu mmoja mfupi, friji iliyogawanywa rafu ya juu yake na ya chini yangu, na juu ya friji ratiba ya msikiti iliyoshikwa kwa sumaku ya umbo la ndizi. Usiniulize mtaa uliitwaje. Umenitoka. Ile sumaku ya ndizi sijaisahau.

Tulikuwa tumekutana kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee. Siku yangu ya pili nilikuwa nikisukuma kigari cha chai niliposikia kikombe kikipasuka nyuma yangu na mtu akisema, "Aiya, mwaitu!" Hilo ni neno letu Wakamba la kumwita mama, na humtoka mtu akishtuka hata kama mama yuko mbali sana. Niligeuka. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, hijabu ya buluu, akitazama chai sakafuni kana kwamba ni chai iliyomkosea yeye. "Wewe ni wa wapi?" nikamuuliza kwa Kikamba. "Kitui town. Na wewe?" "Mbooni." Akanitazama kutoka juu mpaka chini. "Mbooni! Watu wa kuongea wakihema, kwa sababu ya mlima." Jioni hiyo hiyo nilibeba sanduku langu kwenda kwake. Nilimwita Mama Zuhura, kwa jina la mtoto wake mmoja, aliyekuwa hajafika miaka mitatu na alikuwa Kitui kwa bibi yake. Yeye aliniita Mwende, au kasichana, au nikiunguza sufuria, wewe mtu wa Mbooni.

Miezi ya kiangazi ya kule jua halitaki kulala. Tulirudi kutoka kazini jioni na kukuta jikoni bado kweupe, tukakaa mezani tukimenya viazi, na Halima akaongea. Aliongea kwa namna ya mtu anayetembea kwake gizani bila kugusa ukuta. Kupitia mdomo wake niliijua nyumba yao ya Kitui kabla ya kuiona: babu aliyetoka pwani na biashara ya nguo akaoa Mkamba na asirudi tena, mama anayepika akiimba kasida bila maneno, baba anayevaa kanzu nyeupe kabisa asubuhi ya Krismasi. "Krismasi?" niliuliza. "Nyinyi si Waislamu?" Akacheka. Baba yake ndiye aliyewachinjia majirani mbuzi wa Krismasi, mtaa mzima, ili Mkristo akialika jirani yake Mwislamu, jirani ale bila wasiwasi. Tangu alfajiri anaitwa boma hili, boma lile, kisu chake kimefungwa kwenye kitambaa. Adhuhuri anarudi nyumbani na kanzu si nyeupe tena, nyuma yake watoto wa watu wamebeba ini, mbavu na vichwa, kila mtu amemkatia. "Sisi ndio tulikuwa tunakula Krismasi kubwa kushinda nyinyi wenye Krismasi," alisema Halima. Kiazi kilibaki mkononi mwake muda mrefu bila kumenywa. Mimi nami nilimwambia habari ya kwetu: ukungu unaoshuka asubuhi ile mpaka huoni kanisa ila unasikia kwaya ikijaribu sauti, chapati za wageni, na muthokoi, ambao mama aliutwanga upya mwaka hadi mwaka kwa ajili ya wale wanaorudi kutoka Nairobi. Chapati zilikuwa za kuonyesha. Muthokoi na nyama ya mbuzi ndio uliokuwa wetu wenyewe.

Msomaji asiyetoka kwetu nimwambie: muthokoi ni mahindi yaliyotwangwa mpaka yakavua ganda. Unayalowesha kidogo, unayatia kinuni, unatwanga ukiyahurumia, kwa sababu unataka ganda litoke na punje ibaki nzima. Kisha unapepeta, unaanika, na siku ya kupika unayachemsha na mbaazi au maharagwe mpaka utakapochoka wewe, na baada ya hapo bado yachemke. Na mahindi yawe meupe. Hilo kwetu halisemwi, maana hakuna anayehitaji kuambiwa. Mahindi ya njano ni ya njaa. Kuna mwaka mvua ilikosa kabisa Ukambani na mahindi ya msaada yakaja kwa malori, ya njano, na watu wakayala kwa sababu hakukuwa na jingine. Nilikuwa mtoto mdogo sana, sikumbuki njaa yenyewe, nakumbuka rangi tu. Tangu hapo mtu wa kwetu ukimwekea punje ya njano sahanini anakutazama vibaya.

Mwaka ule Ramadhani iliangukia Desemba. Halima alijiandaa mapema na kwa furaha, akanunua tende, akanunua makopo mawili ya tui la nazi na kuyapanga kwenye kabati, akaniambia hayo ni ya Idi na mkono wangu wa Mbooni usiyaguse. Siku za mwanzo za mfungo, asubuhi moja, simu ya nyumba ililia. Alikuwa binamu yake. Nilikuwa nimesimama mlangoni na mswaki mdomoni, na nikaona Halima akisikiliza, akisikiliza, kisha akasema, "Lini?" na tena, "Mmeshamzika?" Mama yake alikuwa amefariki jana yake na amezikwa jana hiyo hiyo. Zuhura yuko kwa shangazi, hajambo, anacheza. Halima akasema Alhamdulillahi, akaiweka simu mahali pake, akaingia jikoni, akapiga pasi gauni la kazi upande wa mbele na upande wa nyuma, akaenda shifti. Hakulia. Nilingoja alie siku hiyo, nikangoja kesho yake, na nikaanza kutamani alie kama vile kwetu tunavyotamani mawingu yaliyosimama tu yafanye kile yalichojia.

Hakulia, na hakula. Mchana alifunga, hilo ni sharti la dini yake, lakini jua lilipozama alifungua kwa tende moja na maji, akafunika kikombe, akasema ameshiba. Daku hakuamka. Nilimpikia uji, nikamkaangia mayai, nikamletea chipsi za kule zenye siki ambazo zamani alizipenda, na kila kitu alikishukuru na kukisukuma pembeni. "Chakula inakataa hapa," aliniambia, akishika koo. "Si mimi, Mwende. Ni hapa." Gauni lake la kazi lilianza kushikwa na pini kiunoni, halafu pini mbili. Siku moja akaanguka kwenye ngazi za kazini akiwa amebeba sinia, na mkubwa wetu akaniita kando akaniambia mwenzako akianguka tena tutamsimamisha, hapa si mahali pa mtu mgonjwa kutunza wagonjwa. Lakini mimi kazi haikuwa hofu yangu. Nilikuwa nikimsikia kupitia ukuta mwembamba akijigeuza kitandani, na nilijua namsikia mtu anayeondoka. Kule Kitui kuna mtoto ambaye amempoteza bibi, na huku mama yake anayeyuka mbele yangu, na mimi ndiye mtu pekee katika mji ule aliyejua hata kuita jina lake sawasawa. Niliogopa mno. Ndipo nikaamua kwamba Krismasi nitapika muthokoi na mbuzi, na Mama Zuhura atakula. Sikuwa na mpango mwingine.

Mbuzi hakuwa taabu, kulikuwa na bucha la Wapakistani lenye nyama halali, na mbaazi kavu nilizipata kwa Wahindi. Mahindi ndiyo yaliyonishinda. Yalikuwapo ya kopo, laini, matamu, ya kutilia kachumbari. Makavu hakuna. Aliyenitoa kizani ni mzee mmoja niliyekuwa nikimlisha asubuhi kazini, Bwana Walter, ambaye zamani alifuga njiwa wa mashindano na hakuwa na habari nyingine ila njiwa. Aliwajua kwa majina, waliokufa na walio hai. Asubuhi hiyo, katikati ya kijiko na kijiko, akasema wakati wa baridi njiwa lazima umpe mahindi, makavu, mazima, yampe joto la mwili. Nikashusha kijiko. "Mahindi hayo yanauzwa wapi?" Akanielekeza duka lililokuwa nyuma ya stesheni ya treni, na uso wake ukang'aa kwa sababu hatimaye amepata mtu wa kuongea naye. Siku ya mapumziko nilikwenda. Mwenye duka alizamisha kikombe ndani ya gunia na mahindi yakamwagika kwenye mizani, na moyo wangu ukamwagika nayo, maana yalikuwa ya njano, njano kali, ya malori kabisa. Nikauliza kama ana meupe. Hakunielewa swali. "Una njiwa wangapi?" aliniuliza. Nilimfikiria Halima, nikajifikiria mimi. "Wawili," nikamwambia. Akasema basi haya yatawatosha mpaka watapike.

Yale yaliyofuata huwa yananijia bila sauti, kama vitu vinavyofanyika chini ya maji, ingawa najua vilikuwa na kelele nyingi sana. Halima yuko kazini. Mimi niko ua wa nyuma, kijua cheupe kimekaa juu ya mapaa bila nguvu, na nimepata chungu kizito cha chuma kilichoachwa na wapangaji waliotutangulia na mpini wa jembe lililosahauliwa kibandani. Nimekiweka chungu juu ya blanketi lililokunjwa na ninatwanga. Kwetu kutwanga ni kwa watu wawili, mchi wako ukipanda wa mwenzako unashuka, na nyimbo zinajitokeza zenyewe. Pale nilikuwa peke yangu, kwa hivyo kila baada ya pigo kulikuwa na pengo, na nikajikuta nikilingoja pigo la mwenzangu. Jirani alichungulia juu ya ukuta na kofia ya sufi kichwani. Akatazama chungu, akanitazama mimi, akasema Krismasi njema, akarudi ndani. Nilipepeta kwa sinia la kuokea, upepo ukachukua maganda na kuyasambaza juu ya matofali, na njiwa wa mji wakashuka kutoka kila paa kuja kuyala. Walitembea miguuni pangu wakinong'ona. Punje nilizianika juu ya hita ya jikoni juu ya taulo, na nyumba nzima ikanuka vumbi la ghala, mpaka nilipanda ngazi nikashuka tena kwa raha ya kuingia katika harufu ile upya.

Lakini rangi. Nilizichemsha asubuhi yote ya Krismasi na kadiri zilivyoiva ndivyo zilivyozidi kuwa njano, na katika mvuke ule nikamwona kila mzee wa kwetu akigeuza uso. Mtu amefiwa, hajala, na mimi namwekea mezani chakula cha njaa. Nilisimama mbele ya kabati lililo wazi nikitafuta unga, maziwa, chochote cha kuficha, na macho yakaangukia yale makopo mawili ya tui. Kwetu Mbooni hakuna anayetia nazi kwenye muthokoi. Hatuna minazi, na tungekuwa nayo bado tungeona ni mchezo wa watoto. Nilijua si yangu. Nilijua ni ya Idi, na nimekatazwa kwa jina la kijiji changu. Nikachukua kifungua kopo. Nilimimina yote mawili, nikakoroga, na sufuria ikawa nyeupe, nyeupe ya maziwa ya jioni, na chini yake njano ikazama ukaiona tu kama umeambiwa.

Kule Desemba jua huzama kabla mtu hajamaliza mchana wake. Saa kumi alasiri dirisha lilikuwa la buluu. Halima aliingia na baridi kwenye koti, akatazama ratiba juu ya friji, akasimama akingoja, na dakika ilipofika akala tende yake, akanywa maji, akapanda juu kuswali. Nilisikia mbao za sakafu zikilia alipoinama na alipoinuka. Nilipakua. Nyama nilikuwa nimeichemsha na kitunguu tu, nikaiweka pembeni. Aliposhuka akaona meza, akaona kitambaa nilichotandika, akaketi kwa adabu ya mtu ambaye tayari amepanga jinsi ya kukataa. "Kijiko kimoja," nikamwambia. "Ni Krismasi yangu. Nyumbani baba yako hangekataa." Akachukua kijiko. Akatia mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Nani amekuambia uweke nazi?" aliuliza.

"Hakuna mtu. Pole. Ni makopo yako ya Idi."

"Mwende. Nani amekuambia muthokoi inawekwa nazi?"

"Hakuna, Mama Zuhura. Nilikuwa naficha rangi."

"Rangi gani?"

Nikaitazama sahani. Akageuza sahani kwa ncha ya kijiko, akaondoa tui pembeni polepole, akaisogeza karibu na taa. "Ngai," akasema, Mwislamu mzima akimwita Mungu kwa Kikamba. "Hii ni mahindi ya yelo."

"Ndio."

"Umetoa wapi?"

"Kwa duka ya njiwa."

Kwanza nilidhani amepaliwa. Mabega yalitikisika, akaweka mkono mdomoni, na sauti iliyotoka ilikuwa cheko, cheko lile lake kubwa la jikoni ambalo sikuwa nimelisikia tangu simu ile. "Mama angekufukuza na mwiko!" alisema. "Angekufukuza mpaka Mbooni!" Akaniambia, akicheka, jinsi mama yake alivyopanga foleni ya mahindi ya msaada mwaka ule wa njaa akiwa na mimba ya mwisho, na alivyoapa mvua iliporudi kwamba hakuna mtu wa nyumba yake atakayekula tena mahindi ya yelo, na hata kuku aliyelishwa mahindi hayo hataingia sufuriani mwake. Na akaniambia, na hapo cheko lilikuwa limeanza kubadilika, kwamba siku ya Krismasi baba akirudi na kanzu ya damu, mama anakuwa ameshapika muthokoi kwa nazi, kwa mkono wake wa kipwani aliourithi kwa mkwe wake aliyetoka pwani, muthokoi mweupe kabisa. Hakuupika siku nyingine yoyote. "Ni hii," Halima alisema. "Kasichana, ukifunga macho ni hii hii." Akafumba macho. Akalia hivyo hivyo, macho yamefumbwa, kijiko mkononi, akimwita mwaitu, mwaitu, kwa sauti ya mtoto aliyepotea sokoni. Sikumgusa. Nilimwacha alie mpaka dirisha likawa jeusi. Kisha akajipangusa kwa ncha ya hijabu, akavuta sahani, akala. Alikula yote, akaomba tena, na mimi nikapakua nikiwa nimempa mgongo ili asinione.

Mwaka ulipogeuka, kabla baridi haijaisha, alirudi Kitui kwa mtoto wake. Mimi nilibaki miaka mingine, nikarudi nikiwa na mambo yangu. Hatukuwa watu wa kutembeleana sana. Lakini kila Krismasi, jua likizama, simu yangu ililia kule Mbooni katikati ya wageni na sahani, na Halima hakuniuliza habari yoyote ila moja: "Umekula?" Nikisema ndio, anasema haya, anakata. Nilidhani ni salamu zake tu.

"Anti." Nilifungua macho. Wanawake wengi walikuwa wameshaondoka. Zuhura alikuwa amepiga magoti mbele yangu, sahani ya maua mikononi, na juu ya sahani kulikuwa na muthokoi uliokolea tui, na mbaazi, na chini ya ule weupe njano iliyokuwa wazi kabisa kwangu. "Usishangae," aliniambia. "Siku yenyewe ni wiki ijayo, lakini nimeona tupike leo."

"Siku gani?"

"Krismasi. Sisi si watu wa Krismasi, unajua. Lakini hiyo siku hii lazima ipikwe, na tukule jua ikizama, si kabla. Mama alikuwa mkali sana hapo. Na mahindi lazima ikuwe ya yelo. Tunanunua kwa duka ya chakula ya kuku, watu wanatucheka, hata leo Mama Swaleh amenichapa na mdomo."

"Mama alikuambia ni kwa nini?"

"Ni ya nyanya, mamake mama," Zuhura alisema. "Ndivyo nyanya alikuwa anapika. Mimi simkumbuki nyanya hata sura, nilikuwa mdogo. Hii ndio kitu yake niko nayo."

Nilifungua mdomo. Nilimwona yule mama ambaye sikuwahi kukutana naye, amesimama mlangoni na mwiko, na nilimwona Halima mezani karibu na taa akiondoa tui pembeni kwa ncha ya kijiko. Nikachota, nikala. Tui lilikuwa zito, mahindi yameiva mpaka ndani. Hapo ndipo nilipolia, mbele ya mtoto wa watu, bila aibu.

"Ni ya nyanya yako," nikamwambia nilipoweza. "Ni yake kabisa."

Zuhura hakuondoka. Alikaa pale kwenye mkeka akinitazama mpaka maua ya sahani yakaonekana chini.

"Umekula, anti?"

"Bado," nikasema, nikampa sahani. "Niongezee."